Birika Ndani ya Karakana

Nilikuwa mpika chai. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi, tena kwa ustadi. Kwenye wasifu wangu, mwaka 2014 umeandikwa "mratibu wa mafunzo kazini, Kasulu, Kigoma", na kila nilipoulizwa nilikuwa na maelezo safi yaliyojaa ushirikishwaji, tija na mahitaji ya soko. Waliouliza waliitikia kwa vichwa, wakaandika. Hakuna aliyewahi kuuliza kama mratibu huyo alikuwa akiosha vikombe. Nimepanda majukwaani Dodoma na Dar es Salaam kuzungumzia pengo la ujuzi na wajibu wa waajiri kuwafundisha watu wao wenyewe, nimeonyesha michoro yenye mishale ya rangi, na katika mishale yote ile hakuna hata mmoja uliopita karibu na birika. Kisha mwaka huu Jenerosa, binti niliyefanya naye kazi Kasulu, akafungua karakana yake mwenyewe mjini Kibondo, akanialika niwe mgeni rasmi. Nilikwenda na hotuba. Mbele ya diwani, shehe, mchungaji, na akina mama waliokuwa wamekuja na muhogo wao kabisa ili wasipoteze safari, Jenerosa alishika kipaza sauti akasema: "Huyu mnayemwona na miwani ndiye Dada Chai. Bila chai yake, mimi leo ningekuwa nalima maharage." Watu walipiga makofi yale ya Waha, wenyeji wa Kigoma: mikono imekutana chini kidogo ya kifua na mwili umeinama, makofi ya kumsalimu mtu na si ya kumshangilia msanii. Nilisimama ili nirekebishe kauli ile. Nikaipitia neno kwa neno, nikakuta haina kosa. Hotuba ilibaki kwenye mkoba.

Basi niandike ilivyokuwa. Wazazi wangu, kijiji changu na shida nilizosomea siviweki humu; kila anayeandika kumbukumbu katika nchi hii alisoma kwa mwanga wa chemli, na mimi, kwa bahati mbaya, nilisoma kwa umeme. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na shahada ya sosholojia, nilikuwa nimetuma maombi ya kazi mpaka nikawa nimezoeana na binti wa posta, na rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa amepangiwa kufundisha Kasulu. Aliniambia nije nipumzike kwake wiki moja. Wiki hiyo ilichukua mwaka. Mtu wa kwanza ambaye rafiki yangu alinitambulisha kwake alikuwa Bi Zuhura, mama wa makamo mwenye asili ya Tanga, mjane, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko na mashine za kusaga nafaka Kasulu, Kabanga na Kibondo. Alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akila karanga.

"Umesomea nini, mwanangu?"

"Sosholojia, Bi Zuhura. Hasa maendeleo ya rasilimali watu."

"Mashaallah. Chai wajua kupika?"

Nilicheka, kwa sababu nilidhani ni utani wa watu wa pwani. Yeye hakucheka. Akauliza ya rangi au ya maziwa, nikasema zote. Akasema, "Basi iwe tamu, tena iwe na tangawizi. Watu wangu hawanywi chai ya wodini. Utaanza Jumatatu, na utapika ndani ya karakana, si nje. Nasema ndani. Jiko litakaa pembeni ya injini." Nilimweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba ningeweza kumsaidia zaidi kwa kumwandalia mpango mkakati wa mafunzo ya wafanyakazi wake. Akasema niandike tu, ila birika kwanza. Mpango ule niliuandika kweli, una utangulizi na marejeo. Uliishia kufunikia vitumbua.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya mashine ya Kasulu, na kila kitu humo kilikuwa na rangi mbili: nyeusi ya grisi na nyeupe ya unga wa muhogo uliopenya kutoka upande wa pili. Ukikaa humo mpaka mchana, kope zako zinakuwa za bibi harusi mzee. Humo ndimo zilimoletwa injini za dizeli za silinda moja, zile nzito zinazoendesha vinu, za Bi Zuhura na za watu wengine wa wilaya. Na humo ndimo alimotawala Fundi Zabroni. Alikuwa mzee mfupi, mgongo mpana kama mlango, na huo mgongo una sehemu yake katika habari hii. Mafundi wengine walizibadilishia injini vipuri mpaka mwenyewe akafilisika, Zabroni alizisikiliza. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasema, "Nozeli imeziba," au, "Mmeitilia dizeli yenye maji," na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na wanafunzi wawili, Elia na Jenerosa. Jenerosa alikuwa binti mrefu mwenye maneno machache. Familia yake ilitoka Burundi kabla hajazaliwa, na sasa ilikuwa ya Kitanzania kama yangu. Watu waliokuja kusaga walimchokoza kila siku. "Wewe binti, na hayo mafuta mikononi, atakuoa nani?" Naye, bila kuinua macho: "Atanioa mwenye mashine mbovu."

Kwa nini birika? Bi Zuhura hakuniambia mwanzoni, aliniacha nione. Siku ya kwanza waliifunga injini moja iliyokuwa imefunguliwa yote, na ikabaki kazi ya mwisho, ambayo mafundi huiita kutega taimingi. Nitaieleza jinsi nilivyoielewa mimi, mpika chai: dizeli inatakiwa iingie kwenye silinda kwa wakati wake hasa. Ikiwahi, injini inagonga kama inabomoa ukuta. Ikichelewa, inatoa moshi na kukataa kazi. Kwenye ukingo wa gurudumu zito la injini, flaiwili, kuna alama ndogo iliyochongwa kiwandani, na fundi huliegesha gurudumu kwa kufuata alama hiyo. Anayejua kutega ni fundi. Asiyejua ni mtu wa kushika spana. Na kila injini ilipofika hapo, kwa miaka yote, Zabroni alinyoosha mgongo, akapangusa jasho, akasema, "Hebu kimbieni mkaniletee chai." Wanafunzi walikimbia mpaka kwenye kibanda cha chai upande wa pili wa soko, wakapanga foleni, wakarudi taratibu wasiimwage. Walikuta injini inanguruma na Zabroni anapangusa mikono.

Elia ndiye aliyeuza siri hiyo, kabla mimi sijafika, bila kujua kwamba ni siri. Alikuwa amejifunza kwa Zabroni mpaka akaota ndevu, akaondoka kwenda kujitegemea, akapata kazi ya mashine ya mzee mmoja Kagerankanda. Akaifungua injini yote, akaisafisha ikang'aa, akaifunga. Alipofika kwenye taimingi alimwambia mwenye mashine, "Mzee, hebu nenda kaniletee chai." Mzee akaenda, akarudi na chai na chapati. Elia akanywa, akala, akaitazama injini. Katika kila kazi aliyoiona maishani mwake, baada ya chai injini ilikuwa tayari. Akaagiza kikombe kingine. Jioni yule mzee alipanda bodaboda mpaka dukani kwa Bi Zuhura kuuliza kama mafundi wa Kasulu hulipwa kwa vikombe, na Elia akarudi kwa Zabroni kujifunza upya. Bi Zuhura alicheka mpaka akashika kaunta, kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, akaacha kucheka ghafla. "Nikaona ugonjwa wangu wote pale pale," aliniambia. "Nilikuwa naulaumu ujinga wa vijana. Nikaajiri mmoja mwenye cheti kikubwa kama trei, kila kipande cha injini anakijua kwa jina la Kizungu. Zabroni akamwuliza, sasa ukiviita vinaitika? Nikasema nitangoja waletwe wengine. Nani awalete? Fundi namtaka mimi, mashine zangu, halafu nimngoje mtu wa mbali anifundishie? Kumbe walimu ninao, wanafunzi ninao. Kati yao kuna foleni ya chai."

Leo, ninapokaa kwenye kumbi zenye viyoyozi na kusikia tena na tena kwamba waajiri wanalalamika hawapati watu wenye ujuzi, huwa namkumbuka yule mama na miguu yake ndani ya beseni. Hakuwa na msamiati wowote wa mambo haya. Alichokuwa nacho ni tabia ya mfanyabiashara ya kufuatilia mzigo wake mpaka ajue umekwama wapi. Ujuzi ulikuwa unaondoka kwa Zabroni lakini haufiki kwa Jenerosa. Basi akaenda kutazama njiani. Mimi na shahada yangu ningeanza na dodoso.

Siku ile ya kwanza, basi, Zabroni alinyoosha mgongo, akapangusa jasho. "Jene, Elia, hebu kimbieni mkaniletee chai."

"Chai ipo, Fundi," nikasema, nikamimina.

 Alikitazama kikombe kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Akanywa, kwa sababu huwezi kukataa chai iliyokwisha kumiminwa. Akasema ina tangawizi nyingi. Kisha akakumbuka kwamba anahitaji kitambaa kutoka dukani. Kesho yake alihitaji vocha ya simu, keshokutwa sigara, ingawa hakuwa anavuta. Bi Zuhura hakugombana naye. Alileta kabati la mbao, akaliweka karibu na jiko langu, akalijaza vitambaa, vocha, biskuti, dawa za kichwa, na pakiti moja ya sigara ambayo ilikaa humo mpaka ikaota ukungu. "Ukitaka chochote, Fundi, Dada Chai atakupa, usijichoshe." Hapo ndipo jina langu lilipozaliwa. Zabroni, alipoishiwa na vya kuagiza, akaanza kuutumia mgongo. Aliinama juu ya flaiwili akaifunika yote, wanafunzi wakazunguka kulia, naye akageuka kulia; wakazunguka kushoto, akageuka kushoto. Ilikuwa kama kumtazama kuku anayeficha mayai. Akimaliza alipaka grisi juu ya alama.

Ilikuwa saa ya mlo, siku za masika, nilipoyasikia maneno niliyokuwa nikiyangoja bila kujua. Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese, chakula ambacho Zabroni alikipenda kiasi cha kunisamehe kuzaliwa. Jiko langu liliegemea ukuta wa bati, na nyuma ya ukuta huo ilikuwa stoo, na ndani ya stoo walikuwa wameketi Bi Zuhura na Zabroni juu ya magunia, sahani magotini. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nakoroga polepole.

"Bi Zuhura, wewe unanivua nguo," alisema Zabroni.

"Mimi nakulisha samaki, Fundi."

"Nilimfundisha mtu mmoja. Nikamfundisha yote, mwanzo mwisho. Akafungua banda upande wa pili wa barabara, ninamwona nikiwa nimekaa. Wateja wangu walikuwa wananisalimia wakivuka kwenda kwake. Walinisalimia vizuri sana, walipiga magoti. Kisha wakavuka." Kijiko kikagonga sahani. "Mgongo huu ukikataa kuinama, nitakula nini? Kila nilicho nacho kiko humu kichwani. Nikiwapa hawa vijana, nimebaki na kofia."

 Bi Zuhura alisema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeafikiana bei: "Basi nisikilize. Siku utakaposhindwa kuinama, utakaa kwenye kiti. Kiti nitakinunua mimi, chenye mgongo na mto. Utakaa hapo hapo bandani, utasikiliza. Mwanafunzi atatengeneza, wewe utasikiliza useme ni sawa au si sawa. Mshahara utabaki ule ule mpaka Mungu akuite. Na mashine yangu yoyote haitawaka mpaka wewe uisikie."

"Kusikiliza ndiyo kazi?"

"Wako wangapi Kasulu wenye masikio yako?"

 Kiti kilifika juma lile, cha mninga, na mto wa kitambaa chekundu, kikawekwa katikati ya banda. Zabroni alikaa juu yake mara moja kukijaribu, akasema kinayumba, na asubuhi iliyofuata, injini ilipofika kwenye taimingi, aliutoa mgongo njiani.  Alisogea tu hatua moja pembeni, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Jenerosa na Elia waliingia kwenye nafasi ile kichwa kwa kichwa. Nimeona mahafali kadhaa tangu wakati huo, na majoho ya kila rangi. Sijaona tena kitu kilichonisisimua namna ile.

Tusidanganyane, hakuwapa vyote. Zabroni alionyesha taimingi kama mtu amwagavyo maji ya kunawa, haraka na mara moja. Ukiuliza tena, anasema, "Nimeshasema." Elia aliuliza, akakemewa, akazoea. Jenerosa hakuuliza. Alikuwa na uzi wa gunia, ule wa katani wa kushonea magunia ya unga, ameuzungusha kifundoni kama bangili, una mafundo mawili. Wakati wa chai, Zabroni akiwa kwenye kiti chake anapuliza kikombe, nilimwona Jenerosa zaidi ya mara moja akiulaza uzi ule kwenye ukingo wa flaiwili na kuurudisha mkononi. Nilidhani anapima nguo. Nilimwuliza hata kama ni ya sherehe. Akaniitikia kwa ndiyo ya Kiha, "Ego, dada, ni ya sherehe."

Mwishoni mwa mwaka mashine ya Kibondo ilikufa. Ilikuwa na injini ya aina ile ile ya Kasulu, na ilikuwa inamlipia Bi Zuhura nusu ya riziki yake, maana upande ule akina mama walikuwa wanatembea mbali sana kuifuata. Wakati huo huo Zabroni alikuwa amelazwa hospitali ya Kabanga, amepasuliwa ngiri, amekatazwa hata kukohoa kwa nguvu. Na wakati huo huo akafika kutoka Tanga kaka yake Bi Zuhura, Musa, aliyekuwa na hisa katika mashine zote na shati jeupe lisilopenda unga. Alilizunguka banda, akalitazama jiko, kabati na kiti cha mto mwekundu.

"Dada, hapa ni karakana au hoteli?"

"Ni shule, kaka."

"Shule! Mwaka mzima unalipa watu wanywe chai, na mashine ikifa hakuna wa kuiinua." Musa alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa Kahama aliyetaka mashine ya Kibondo jinsi ilivyo, na hakuficha nia yake: ikiuzwa hiyo, karakana haina kazi, ifungwe, na mashine zilizobaki zihudumiwe na fundi wa kukodi. Walibishana dukani mpaka wateja wakaacha kununua misumari wakawa wanasikiliza. Mwishowe Bi Zuhura akasema, "Nipe mpaka Ijumaa. Atakwenda Jenerosa. Ikiwaka, huuzi kitu, na shule yangu huigusi. Isipowaka, uza, hata hilo birika uza." Musa akasema yeye mwenyewe atakwenda na mnunuzi wake, Ijumaa awe pale Kibondo, aone kwa macho. Ndivyo mwaka wangu wote, kazi ya Elia, kiti cha Zabroni na maisha ya binti yule vilivyopakiwa kwenye basi la Kibondo pamoja na sanduku la spana. Nilimfungia chapati. Nilijaribu kumpa maneno ya kumtia moyo niliyoyasoma chuoni. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Dada, punguza sukari kwenye chai ya Fundi, daktari amesema."

Ijumaa asubuhi nilikwenda Kabanga na chupa ya chai. Zabroni alikuwa amekaa kitandani, mito nyuma ya mgongo wake mpana, simu yake ndogo ya tochi iko kifuani kama dawa ya kuchua. Wodi nzima ilijua habari, alikuwa amewasimulia. Bi Zuhura alikuwa amebaki dukani kwa sababu, alisema, moyo wake haungeweza. Simu ilipoita, Zabroni aliweka sauti kubwa.

"Fundi, mwakeye," alisema Jenerosa.

"Mwakeye, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Fundi. Kidonda kimelalaje?"

"Kimelala vizuri. Kibondo mvua?"

"Imenyesha kidogo. Na wagonjwa wenzako wanaendeleaje?"

Waliulizana habari za wagonjwa, za mvua, za barabara, za mama yake Jenerosa na mbuzi wake. Nilikuwa nakaribia kulala kitanda cha pili. Mwisho akasema, "Fundi, alama haipo."

"Imefunikwa na kutu. Sugua."

"Hakuna kutu, Fundi. Kuna tupa. Mtu ameifuta kwa tupa, ukingo ni laini kabisa."

 Zabroni aliitazama dari, akanitazama mimi. "Dada Chai," akasema, "hebu nenda kaniletee chai."

Nikainua chupa. "Hii hapa, Fundi."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka bila kujua anacheka nini. Zabroni aligeuza uso kuelekea dirishani, na alipozungumza alikuwa anaongea na dirisha. "Niliifuta mimi. Siku zile walipoanza kusema wataleta fundi mwingine Kibondo. Nikasema, aje tu, aitafute. Mimi naijua ilipokuwa." Akavuta pumzi. "Sasa nakuambia. Chukua chaki. Anzia pale penye—"

"Ngoja, Fundi. Sikiliza kwanza."

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu. Tulisikia hendeli ikizungushwa, mtu akihema, mtu mwingine, naapa alikuwa Musa, akisema, "Haiwaki hiyo." Kikohozi kimoja kizito. Kimya. Kikohozi cha pili, cha tatu, kisha vikashikana, vikawa mlio mmoja mnene, wa kutulia, tu-tu-tu-tu, ukijaa wodini kutoka kwenye simu ile ndogo. Zabroni alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa, kidole kimoja kimeinuka, kinafuata mapigo.  Nesi aliyekuja kutukemea alisimama mlangoni na trei yake, naye akasikiliza.

"Haigongi," alinong'ona Zabroni. Kisha akapaza sauti kwa nguvu aliyokatazwa: "Moshi!"

"Ulikuwa mweupe mwanzoni, Fundi. Sasa hauonekani."

"Umeipataje wewe?"

"Nilitoa nozeli, nikaingiza waya kwenye tundu lake mpaka nikahisi pistoni imefika juu kabisa. Kisha nikarudi nyuma kwenye ukingo wa flaiwili kwa uzi wangu, fundo mpaka fundo, umbali wa alama kama ilivyo kwenye injini ya Kasulu. Si ni ndugu hizi?"

"Uliipima lini ya Kasulu?"

"Wakati wa chai. Ulikuwa unapuliza kikombe."

Zabroni alicheka. Alicheka ameshika kidonda kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, nesi anamwambia baba utafumuka nyuzi, naye anasema acha zifumuke. Nyuma ya mngurumo tulimsikia Musa akipiga kelele, "Mwambieni dada yangu haiuzwi! Mwambieni!" na vigelegele vya akina mama waliokuwa wamekaa na mabeseni yao ya muhogo tangu alfajiri.

"Fundi," Jenerosa akasema tena, na sasa sauti yake ilikuwa karibu, kama ameiziba simu kwa kiganja. "Mtunza mashine wa hapa na mkewe wamesimama juu yangu. Wanataka kujua nimefanyaje. Niwaonyeshe, au niwatume chai?"

Mngurumo uliendelea. Zabroni aliangalia mikono yake juu ya shuka la hospitali, safi kuliko nilivyowahi kuiona, kucha nyeupe kama za karani. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikaona aibu kumimina chai wakati ule.

"Waonyeshe," alisema. "Izime, uwaonyeshe tangu mwanzo, mara mbili. Na upige alama mpya, Jene. Upige kwa patasi, iwe ndefu, iwe na kina, hata asiyeona aishike kwa kidole."